Beseni chini ya sinki

Naandika kwenu, vijana wenzangu, na nyinyi pia wa mashirika mnaosoma humu kimyakimya bila kusema kitu. Zamu ya kuandika imenifikia. Wenzangu wameshaandika juu ya vitambulisho, juu ya shule, juu ya mapenzi ya mbali. Mimi nitaandika juu ya sinki la jikoni linalovuja. Hapana kucheka, nisomeni kwanza.

Nyumba tunayopanga iko hapa Kasese mjini, upande wa Nyamwamba. Vyumba viwili na jiko dogo, tuko watu watano. Ndani ya jiko kuna sinki la bati lenye kabati chini yake. Tulipoingia mama alifurahi sana. Tulipovuka Mpondwe na kukaa Bwera miezi ya kwanza tulikuwa tunaosha vyombo nje juu ya jiwe, na kule kwetu Oicha hatukuwahi kuwa na sinki ndani ya nyumba. Basi sinki lilikuwa kama alama kwamba tumefika mahali.

Baada ya muda likaanza kuvuja. Si robine, robine ilikuwa nzima. Maji yalikuwa yanatoka chini, pale maji machafu yanapopita baada ya kuosha vyombo. Tone, tone, tone. Mama akachukua beseni la bluu akaliweka ndani ya kabati. Likijaa, mmoja wetu analitoa na kumwaga nje. Tukaweka hata zamu: Jumatatu mimi, Jumanne mdogo wangu wa kike, na kadhalika. Miezi mitano tuliishi hivyo! Ukituuliza, tulikuwa na jibu tayari: "Nyumba si yetu. Mwenye nyumba ameshaambiwa."

Ni kweli alikuwa ameambiwa. Mara tatu. Alisema atatuma fundi.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Ukuta wa jiko letu ndio ukuta wa stoo ya mama jirani. Yeye ni Mukonzo, sisi ni Wanande, na mnajua lugha zetu ni kama pande mbili za mto mmoja: mama anasalimia kwa Kinande, yule anaitika kwa Lukonzo, na hakuna anayepotea. Asubuhi moja akaja kugonga. Hakupiga kelele. Alimshika mama mkono, akampeleka kwenye stoo yake, akamwonyesha gunia la unga wa muhogo. Upande wa chini ulikuwa umeloa na kuota ukungu, karibu kilo 20 zimeharibika. Ukuta wenyewe ulikuwa umevimba, rangi inabanduka kama ngozi. Beseni letu lilikuwa linapokea matone ya mbele tu. Mengine yalikuwa yanateleza nyuma ya bomba na kuingia ukutani, usiku na mchana, na sisi hatukuwahi hata kuinama kuangalia.

Nyinyi mlio Kasese mtaelewa kwa nini neno lake lilituchoma. Huyu mama alikuwa anakaa juu kule Kilembe. Mto Nyamwamba unashuka kutoka Rwenzori, unapita Kilembe, unapita hapa mjini, unaenda mpaka Ziwa George. Ulifurika Mei 2013, ukafurika tena 2014, na Mei 2020 ukabomoa nyumba, ukaharibu mpaka hospitali ya Kilembe. Yake ilikwenda mwaka huo. Alikaa kambi ya Muhokya na wengine waliopoteza makazi kabla ya kuja kupanga hapa. Alimwambia mama hivi: "Dada, mimi nilikimbizwa na maji. Sasa maji yananifuata ndani ya nyumba, na mara hii yanatoka kwako."

Mama alirudi nyumbani akakaa kimya mpaka jioni. Mimi nilikuwa na hasira, lakini hasira yenyewe sikujua niielekeze wapi. Kwa mwenye nyumba? Ndiyo, anastahili. Lakini unga ule haukuharibiwa na mwenye nyumba peke yake. Tulikuwa tunaliona tone kila siku na tukaamua kwamba halituhusu.

Siku ya pili nikamleta fundi bomba. Akafungua kabati, akaangalia labda sekunde kumi, akasema shilingi 45,000. Nikamwuliza ni nini kimeharibika. Akasema, "Mambo ya ndani." Hatukuwa na 45,000. Mama alikuwa tayari ameahidi kulipa nusu ya unga. Basi nikasema, kama yeye amejua kwa sekunde kumi, mimi nikikaa hapo saa nzima na tochi nitajua hata kidogo.

Na kweli, nilipoingia kichwa ndani ya lile kabati nilikuta mambo ya ndani ni machache sana. Nitawaeleza kama nilivyoyaona, maana hii ndiyo sehemu ambayo hakuna aliyewahi kunieleza.

Chini ya tundu la sinki kuna chujio la bati lililobanwa na nati kubwa na mpira. Hapo linaanza bomba fupi la plastiki linaloshuka. Halafu kuna kile kipande kilichopinda, ambacho sisi Wakongomani tunaita sifoni na hapa dukani wanaita trapu. Kinashuka, kinapanda kidogo, kisha bomba linaingia ukutani. Kila mahali kipande kimoja kinapokutana na kingine kuna nati ya plastiki ya kufunga kwa mkono, na ndani ya nati kuna kipete cha mpira. Ni hivyo tu. Hakuna gundi, hakuna kuchomelea. Kimetengenezwa kifunguliwe.

Kabla ya kufungua chochote nilikausha kila kitu kwa kitambaa, nikazungushia karatasi ya choo kavu kwenye kila nati. Halafu nikaziba sinki, nikalijaza maji mpaka juu, nikaachilia yote mara moja. Hiyo ya kujaza ni muhimu. Ukifungua robine kidogo tu maji yanapita taratibu na huoni kitu. Yakishuka yote kwa uzito wake ndipo pabovu panajionyesha. Karatasi ya nati ya kwanza chini ya trapu ikaloa palepale. Ya chujio ikaloa pole pole. Nyingine zikabaki kavu. Basi nikajua ni sehemu mbili, na mojawapo ndiyo mbaya.

Hapa mdogo wangu wa kike akanisukuma pembeni. Ana miaka 16 na mikono yake inapita mahali yangu haipiti. Aliweka ndoo chini, akafungua nati, trapu ikatoka na maji yake meusi yenye harufu ya kutapisha. Ndani kulikuwa na mafuta ya mawese yaliyoganda, nyuzi za sombe, na bugali iliyokuwa ngumu kama sementi. Nati yenyewe ilikuwa imefungwa upande, uzi haukukaa sawa, na mpira wa ndani umelala kama sahani iliyopinda. Aliyeifunga kwanza aliilazimisha. Ndiyo hiyo siri ya 45,000.

Na mimi, kwa furaha ya kugundua, nikabeba ile ndoo ya maji machafu nikaimwaga wapi? Ndani ya sinki. Lile lile ambalo tumetoka kulifungua chini. Maji yote yakaanguka juu ya kichwa cha mdogo wangu. Mpaka leo nikimwomba kitu ananijibu, "Subiri kwanza nivae koti la mvua."

Mpira tulikata kwanza kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, vile watu wote wanavyofanya. Ulishika siku nane, kisha tone likarudi. Sisemi tyubu ni mbaya, inasaidia usiku ambao duka limefungwa, lakini ni nyembamba na haikai sawa. Nikaenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kwa Kifaransa cha kwetu kile kipete cha mpira tunaita joint. Nikaomba joint. Muuzaji akaniletea kipande cha bomba cha kuunganishia, maana kwa Kiingereza chao joint ni kiungo. Nikasema hapana, joint ya mpira. Akaniletea kiungo kingine. Tulibishana mpaka watu wakaanza kucheka. Hapa wanaita washa, na ukilisikia neno lenyewe unafikiri umeambiwa uwashe taa. Nikanunua, nikarudi, ikawa ndogo: ilikuwa ya sinki la kunawia mikono, inchi moja na robo, na la jikoni mara nyingi ni inchi moja na nusu. Nikarudi tena. Vijana, mkienda dukani bebeni ile ya zamani mfukoni. Mtu akiiona hahitaji Kifaransa wala Kiingereza.

Kwa jumla washa za trapu na mpira wa chujio zilinigharimu shilingi 3,500. Tukasugua trapu kwa maji moto na sabuni, tukaweka washa mpya bila kuipinda, tukaanza nati kwa vidole mpaka iingie yenyewe bila nguvu, tukafunga kwa mkono, halafu kwa spana robo mzunguko tu. Nati ya plastiki ukiikaza sana inapasuka. Ile tepu nyeupe ya mafundi bomba tuliiacha. Mimi nilikuwa nataka kuizungusha kila mahali, lakini kijana wa gereji aliyetuazima spana alituonyesha kwamba kwenye nati ya namna hii maji yanazuiwa na mpira, si na uzi, kwa hiyo tepu inapamba tu. Na kama nyumbani kwenu mmeshamwaga ile dawa kali ya kuzibua, msifungue kitu bila glavu na bila kusafisha kwa maji mengi kwanza, inachoma ngozi na macho.

Tukajaza sinki tena. Tukaachilia. Karatasi zikabaki kavu. Mama akaleta beseni lake akaliweka kabatini hata hivyo.

Sasa nifike kwenye neno langu, maana sikuja hapa kuwafundisha ufundi bomba, kuna wanaojua kunishinda. Naona sisi tunaishi na beseni chini ya kila kitu. Mlango haufungi, tunaegemeza jiwe. Kioo kimepasuka, tunabandika katoni. Bomba linavuja, tunaweka beseni. Na ukiuliza kwa nini, jibu ni moja: "Sisi ni wa kupita. Kesho tunarudi." Mimi nataka kurudi kuliko kitu chochote. Lakini sisi tumesema kesho kwa miaka minne, na katika miaka hiyo minne hayo maji yalikuwa yanaingia kwenye ukuta wa mtu mwingine. Kama unapita, anayebaki na ukuta uliooza ni nani? Ni yule aliyekupokea.

Najua mtanijibu. Mmoja wenu alinijibu tayari nilipomsomea maneno haya: "Kazi ya mwenye nyumba tunamfanyia bure kwa nini? Si tunalipa kodi?" Ana haki. Uganda ina sheria ya wenye nyumba na wapangaji tangu mwaka 2022, na mpangaji mkimbizi ni mpangaji kama mwingine. Bomba lililo ndani ya ukuta, shimo la maji machafu lililojaa, paa, hayo siyagusi wala sitoi shilingi. Hayo ni kumwandikia ujumbe, kupiga picha, kumleta mwenyekiti wa LC kama hasikii. Mimi mwenyewe sijarudishiwa zile 3,500 mpaka leo, na linaniuma, silifichi. Lakini kipete cha mpira cha shilingi 500 si kitu cha kusubiri miezi mitano ili kuonyesha kwamba nina haki. Haki niliibaki nayo, na unga ukaharibika.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Robine ikivuja, mita inahesabu, utaiona kwenye bili na utakimbia kuitengeneza. Bomba la maji machafu likivuja mita haioni kitu, maana hayo maji yameshapita na kulipiwa. Ndiyo maana tunavumilia. Hasara yake inaenda kwenye mbao za kabati, kwenye ukuta, kwa mende, kwa jirani. Haina risiti.

Na ile trapu iliyopinda, msije mkaitoa mkaweka bomba nyoofu eti ndiyo haitaziba, nimeona nyumba mbili zimefanya hivyo. Ule mkunjo unashika maji kidogo makusudi, ili hewa ya shimo na wadudu wasipande kuja jikoni. Ni wazo la zamani: mwaka 1775 fundi saa mmoja wa London, Alexander Cumming, alipata hati ya choo chenye bomba lililopinda namna hiyo. Na mwaka 2003 huko Hong Kong, kwenye majengo ya Amoy Gardens, ugonjwa wa SARS ulikamata zaidi ya watu 300, na wachunguzi waliona njia mojawapo ilikuwa trapu za sakafuni zilizokauka kwa kukosa maji. Hewa chafu ikapanda kutoka bafu hata bafu. Maji kiasi cha kikombe yangetosha kuizuia.

Sisi tuliotoka upande wa Beni hatuhitaji kuhubiriwa juu ya magonjwa na maji. Ebola ilitangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018 na ikaendelea mpaka Juni 2020. Juni 2019 ikavuka ikafika hapa Kasese, kwa mtoto wa miaka mitano. Nani hakumbuki Mpondwe wakati ule? Ndoo yenye robine, maji ya klorini, na chini yake beseni. Ulikuwa mpango mzuri wa dharura, uliokoa watu. Lakini naona kama sisi tulijifunza beseni tukasahau dharura.

Hapa naomba niseme na nyinyi wa mashirika, kwa heshima, na sitaji jina la shirika lolote. Nilihudhuria semina ya siku tatu juu ya usafi na kunawa mikono. Tulipewa soda, daftari na fulana. Ilikuwa semina nzuri, nimejifunza. Lakini nyuma ya ukumbi kulikuwa na sinki la kunawia, na chini ya sinki ndoo, na ndoo imejaa. Siku ya kwanza nikadhani ni mfano wa mafunzo. Siku ya tatu ilikuwa bado pale, na mtu wa usafi ndiye aliyekuwa anaimwaga. Katika ukumbi ule tulikuwa vijana kama thelathini. Saa moja tu, spana moja na washa ya shilingi 500, na tungetoka pale thelathini tunaojua kufungua trapu. Badala yake tulichora mikono na vijidudu.

Mnapoweka sinki shuleni au kwenye kituo cha afya, mnapiga picha siku ya kulifungua, na ni haki yenu. Lakini nani anarudi baada ya miaka miwili kuona kama maji yanaenda mahali yanapotakiwa? Na pale Rwamwanja, Kyaka II, Nakivale, ambako wengi wenu mnaonisoma hamna sinki ndani ya nyumba, jambo ni lile lile kwenye bomba la jumuiya. Robine inatunzwa na kamati, ndiyo, ila ule mfereji mdogo unaopeleka maji yaliyomwagika mpaka shimo la mawe unazibwa na matope na majani ya viazi, na baada ya mwezi kina mama wanasimama kwenye tope wakisubiri zamu. Hakuna anayeona ni kazi yake. Anayetoa maji ana jina kwenye orodha, lakini anayeyaondoa hayumo.

Ombi langu ni dogo. Kila mnapoweka kitu chenye maji, acheni pale mfuko wenye washa za akiba na spana inayoingia kwenye nati zake, na mchukue alasiri moja kufundisha vijana watatu wa hapohapo kukifungua na kukifunga. Mmoja wao awe msichana, si kwa sababu ya ripoti, ni kwa sababu mdogo wangu anafanya kazi hii vizuri kunishinda. Tumefundishwa kushona, kusuka nywele, kutengeneza sabuni, kuoka mandazi. Asante. Sasa mjini kila mtaa una washonaji wanaogombea mteja mmoja, na kila mtaa una mabomba yanayovuja. Uganda kwa sheria yake ya wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Basi tupeni kazi ambayo haijajaa watu.

Nisiwadanganye, sijawa fundi. Nimetengeneza masinki manne tangu lile la kwetu, na moja nilishindwa, bomba lilikuwa limevunjika ndani ya ukuta nikamwambia mwenyewe atafute mtu anayejua. Mama jirani alinipa la kwake la pili, la kule nje wanakoosha masufuria ya bundu, na alikataa nisilipwe. Nikachukua 5,000, nikampa mdogo wangu nusu. Mwenye nyumba alikuja akaona ukuta umekauka, akapaka rangi juu juu, akaongeza kwamba mwezi ujao kodi inapanda. Hilo litahitaji insha yake.

Sisi wa nyumbani tumebadilisha vitu vichache. Mafuta ya mawese yaliyobaki kwenye sufuria tunayafuta kwa karatasi kabla ya kuosha, hayaendi tena kwenye sinki. Mabaki ya bugali tunampa jirani mwingine mwenye kuku. Kila Jumamosi mdogo wangu anapitisha kidole kikavu chini ya kila nati. Kikitoka kikavu anafunga kabati.

Nimenunua spana ya bomba iliyotumika, sokoni, shilingi 15,000. Anayeihitaji aje kuiazima, niandikieni tu kwenye kikundi, na kama hujawahi kufungua trapu nitakuja tufungue pamoja siku ya Jumapili baada ya ibada. Ila irudishwe. Yule aliyechukua bisibisi yangu mwezi wa tatu anajijua.